Nesi Aliyekataza Kusema "Kimekufa"

Kitu cha kwanza alichonifundisha yule nesi ni kwamba sijui kuongea. Miaka mitatu nimekuwa mhudumu wodi ya wazazi hapa Babati, nimedeki, nimefua, nimebeba ndoo zenye mambo ambayo siwezi kukutajia ukiwa unakula. Halafu anakuja huyu mwanamke mfupi, viatu vyeupe amevitoboa mbele ili kidole gumba kipumue, ananisikia namwambia mwenzangu, "Kile kitoto cha kitanda cha nne kimekufa." Akasimama pale pale mlangoni.

"Sivyo."

"Sivyo nini, nesi? Kimekufa. Nimetoka kukiona sasa hivi."

"Sivyo, Mama Safari. Kiti kimevunjika. Kikombe kimepasuka. Mtoto amekufa. Sema."

Nikasema amekufa, maana nilikuwa na ndoo mkononi na ilikuwa nzito. Nikajua yamekwisha. Wapi. Miaka kumi na moja tuliyofanya kazi pamoja aliendelea hivyo hivyo. Mimi Kiswahili nimekiokota ukubwani, sokoni na wodini, kwetu milimani Mbulu tuna lugha yetu na inatutosha. Hizo ki na a zenu kwangu ni mapacha, nikimwita mmoja anaitika mwingine. Yeye hakujali. Mtoto anakata roho, mama yake analia, mimi nimeshika kitambaa, na nesi ananisahihisha. Nilitaka kumpiga na ufagio. Na katika miaka hiyo yote nililisikia "sivyo" mara ambazo mchanga wa ziwani haufiki, lakini "ndivyo" sikumsikia akilisema hata siku moja. Ukipatia, ananyamaza.

Ukitaka kujua chanzo cha ubishi wake ni lazima nikueleze pembeni. Pembeni kilikuwa chumba cha kuoshea vyombo, na humo, karibu na sinki, palikuwa na rafu ya saruji. Mtoto akizaliwa kabla ya siku zake, au akizaliwa na kasoro ya kumzuia kuishi, alilazwa kwenye sinia la chuma, anafunikwa kitambaa, anawekwa kwenye ile rafu. Anasubiriwa. Usituone tulikuwa wakatili. Miaka ile dawa hakuna, mpira wa dripu tunachemsha tunaurudia, mafuta ya taa ya kuchemshia ni ya kubembeleza, na wamama wanalala wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine miguu huku. Mganga wetu, kijana mrefu aliyekuwa akiongea kama mtu mwenye mafua ya kudumu, anatazama kidogo tu, anasema, "Sista, tuwe wakweli. Hiki hakina siku. Kiwekeni pembeni." Sisi tunaweka.

Nesi alipofika wiki ya kwanza akamfuata mganga mpaka kwenye meza yake ya chai.

"Daktari, dawa huna?"

"Sista, unajua kabisa sina."

"Joto unalo?"

"Joto lipi?"

"La mwili. Mama yake analo. Maziwa anayo. Na mikono anayo miwili. Sasa pembeni anafuata nini?"

Mganga akavuta kamasi. "Atakufa tu, sista."

"Ndiyo, atakufa. Asife baridi, asife njaa, asife peke yake. Hayo matatu hayahitaji lori kutoka Arusha."

Hayo matatu aliyasema mpaka wagonjwa wakayajua. Asife baridi, asife njaa, asife peke yake. Nilikuwa nikimwigiza jikoni, najaza mashavu, natoa tumbo mbele, natembea kwa vidole, "Mama Safari, asife baridi," wenzangu wanacheka hadi wanakaa chini. Siku moja alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakukasirika. Akasema, "Sivyo. Mimi natembea kwa visigino." Akapita kwenda zake.

Sabuni aliifungia kabatini, na ufunguo aliuning'iniza shingoni kwa uzi kama msalaba. Mche mmoja aliukata kwa uzi vipande kumi na viwili, vyembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili. Ukiomba kipande anauliza, "Cha juzi kimekwenda wapi?" Kimekwenda kwenye damu, mama, kitakwenda wapi. Nyumbani tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Sukari yake ya chai alikuja nayo kwenye kichupa cha dawa na hakumpa mtu, hata uwe umezimia. Kuimba alikuwa hajui na alikuwa akiimba. Na watoto wazima, wanene, wanaolia kama mbuzi, hakuwabeba. Ukimpa anakurudishia. "Huyo ana watu," anasema. Wamama walichukia. Mama mmoja wa Bonga alisema mbele yake, "Huyu nesi anapenda watoto wa makaburini tu." Akanyamaza. Nikajua huyo mama amepatia.

Lakini huyo huyo mchoyo wa sabuni ndiye aliyekata kitenge chake. Nakiona mpaka leo, cha bluu, kina kuku wa manjano, kipya, bado kina gundi ya dukani. Alikipata kwa zamu duka la ushirika baada ya kupanga foleni siku mbili, na wakati ule, nakuambia, watu walikuwa wanavaa magunia. Kuna mtoto alizaliwa, hakumaliza saa moja, na baba yake hakuwa na kitu cha kumfunika zaidi ya karatasi ya saruji. Nesi akatoa mkasi. Nikamshika mkono.

"Nesi, hicho ni cha walio hai."

"Sivyo. Ni changu."

Akakata kipande, akamfunga mtoto, kuku wawili wakiwa kifuani. Mwaka ule wote kile kitenge kilipungua. Kilibaki upindo, akaufanya kitambaa cha kichwa.

Kulikuwa pia na mwenye duka wa pale sokoni, Mwislamu, mtu mzima, mpole wa maneno na mgumu wa mkono. Babati nzima tulimjua kwa neno moja. Unaingia dukani, hujafungua mdomo, yeye kashafungua mikono: "Hakuna, mama. Hakuna kabisa. Labda wiki ijayo, inshallah." Sukari hakuna, kiberiti hakuna, kitambaa hakuna. Tulijua kipo, tena kipo chini ya kitanda chake. Sasa mke wake akajifungua binti, moyo wa mtoto hauko sawa, midomo ya zambarau. Asubuhi hiyo yule bwana alisimama barazani na kanzu na koti, tasbihi inazunguka mkononi.

Nesi akatoka. "Baba, ingia."

"Sista, humo ni kwa wanawake."

"Humo ni kwa binti yako. Ingia."

Wanaume wa siku zile walikuwa hawaingii wodi ya wazazi, hata iwe inaungua. Huyu aliingia, akiangalia sakafu niliyodeki mimi. Nesi akamwambia atoe kidole. Mtoto akakishika. Yule bwana akainama, akamsomea adhana sikioni, taratibu, na wodi yote ikasikiliza, na Wakatoliki na Walutheri na mimi na ndoo yangu. Mtoto aliondoka kabla ya jua kufika utosini, akiwa mikononi kwa baba yake.

Wiki iliyofuata bwana akaja na koti limevimba. Akasimama mbele ya nesi kama mtoto wa shule.

"Sista, nilisema hakuna."

"Nilisikia."

"Ipo."

Akatoa kitambaa, marekani nyeupe, mita sijui ngapi, imekunjwa vizuri. Sasa Jumatatu ile ile nesi alikuwa ametuhutubia kwenye kikao juu ya walanguzi, kwamba anayenunua kwa mlango wa nyuma ni mhujumu kama anayeuza. Nikamtazama. Akachukua ile marekani, akaificha nyuma ya ndoo za kondo za nyuma, mahali ambapo hakuna mkaguzi atakayeinua kifuniko. "Mama Safari," akasema, "wewe huoni vizuri, sivyo?" Nikasema sioni kabisa.

Na maneno ya pole, hayo ndiyo yalituchosha. Alitukataza kumwambia mama "utapata mwingine." Akatukataza "Mungu amempenda zaidi." Nikamuuliza, basi tuseme nini, tukae kama magogo? Akasema, "Muulize mtoto anafanana na nani." Jamani. Mtu amefiwa, umuulize sura? Nikajaribu mara moja ili nimwonyeshe ni ujinga. Nikamuuliza mama wa Nangara, "Mtoto wako alifanana na nani?" Yule mama, alikuwa hajasema neno tangu juzi, akaanza: masikio ya baba yake, kidevu cha shangazi, vidole virefu. Akaongea mpaka uji wake ukapoa. Nikakasirika zaidi, kwa sababu nilitaka nesi akosee.

Sasa nifike kwa Paskalina.

Paskalina ni kitindamimba wangu, aliolewa Mutuka. Mwaka ule mvua ilichelewa. Mwaka wa nyuma yake tulikuwa hatukuvuna, tulikula unga wa njano wa msaada mpaka tumbo likasahau rangi nyingine. Watu walikuwa wametayarisha mashamba, jembe mkononi, wanaangalia mlima Kwaraa kama umevaa wingu. Ndipo Paskalina akaletwa na mume wake juu ya keria ya baiskeli, mimba ya miezi saba, uchungu umeshaanza.

Na ni lazima ujue mila yetu, la sivyo hutanielewa. Kwetu mwanamke akifiwa na mtoto mchanga nyumba inafungwa. Hachoti maji kisima cha wote, haendi shamba la mtu, haingii kwa jirani, jirani haingii kwake. Miezi. Anaogopwa, msiba wake unaweza kumshika mwingine. Padri alikataza, serikali ilikataza, lakini kisima hakisomi matangazo. Nyumba ya kina Paskalina ikifungwa wakati mvua inaanguka, nani atapanda? Mwaka wa pili bila mavuno, watakula nini? Mimi nilifikiri hivyo, nikiwa nimeshika ndoo. Nikafikiri, jambo hili likiwa dogo, likiwa la haraka, tukasema mimba iliharibika tu njiani, pengine Mutuka wasijue.

Mtoto alizaliwa asubuhi. Wa kiume, urefu wa shubiri na nusu. Nesi alikuwa jengo la pili. Mganga akavuta kamasi, akasema, "Kiwekeni pembeni."

Nikamchukua mjukuu wangu. Nikamweka kwenye sinia, nikamfunika. Alikuwa anapumua, kidogo, kama kuku aliyenyeshewa. Nikarudi kwa Paskalina, akaniuliza kwa macho.

"Kimekufa," nikamwambia.

Neno moja. Akageukia ukuta. Mimi nikachukua dekio, nikaanza kudeki. Nilianzia dirishani. Nilikwenda kitanda kwa kitanda, chini ya vitanda, mpaka mlangoni, na sikuinua kichwa.

Nesi akaja. Aliingia chumba cha vyombo kuchukua beseni. Akakaa huko muda mrefu kuliko wa kuchukua beseni. Alipotoka, vifungo vya gauni lake vilikuwa wazi na mtoto yuko ndani, kifuani kwake, kichwa kimechomoza kama ndizi changa. Akanipita. Akaenda mpaka kitandani.

"Mama, geuka. Mtoto wako huyu."

Paskalina akageuka. "Mama ameniambia..."

"Mama yako alikuwa anampasha moto," nesi akasema. "Mpokee."

Paskalina akanitazama juu ya bega la nesi, na uso ule sitausahau, alinitazama kwa shukrani. Nikainamia ndoo.

Nesi akamweka ngozi kwa ngozi, akafunika na kitambaa chake cha kichwa, ule upindo wa mwisho wenye kuku. Akakamua tone la maziwa, akampaka mtoto mdomoni. Ulimi ukatoka, mdogo, ukalamba. Akamwita mkwe wangu kutoka barazani, akamkalisha. "Anaitwa nani?"

Wakaangaliana. Wakati huo mabati yakaanza kupigwa juu yetu, matone makubwa, moja moja, halafu yote. Mvua. Paskalina akasema, "Tluway." Kwa lugha yetu ndiyo hiyo hiyo mvua.

Tluway aliishi mpaka baada ya chai ya saa kumi. Hakulia. Baba yake alimshika mguu. Nesi alikaa pale pale kwenye kigoda, akiimba vibaya. Saa yake ilipofika, akaweka kidole shingoni mwa mtoto, akangoja, akasema, "Sasa amekufa." Na hilo "sasa" lilikuwa langu.

Nilimsubiri chumba cha vyombo. Nilijua atanipasua. Akaingia, akavua uzi shingoni, akafungua kabati, akanipa mche mzima wa sabuni, haujakatwa. "Nawa mikono," akasema. "Halafu nenda kwa mwanao." Basi. Hakulitaja tena mpaka tunastaafu. Kila siku nilimngoja alitaje. Mwanamke wa kusahihisha ki na a, hilo moja akaliacha. Afadhali angenipiga kofi, ningejua deni limekwisha.

Na Mutuka walijua, bila shaka walijua. Nyumba ikafungwa. Jumapili ya kwanza nesi akaenda kwa miguu, hajaalikwa, matope mpaka gotini. Akaingia ndani kwa Paskalina, akanywa maji kwenye kibuyu chake, akatoka na ndoo, akaenda kisimani mbele ya wanawake wote, akachota, akarudi, akamwogesha. Wale wanawake walisimama midomo wazi. Mmoja akaniambia baadaye, "Sasa tufanye nini? Yule ndiye anayetuzalisha. Tukimwogopa yeye tutazalia wapi?" Wakanung'unika wiki mbili, kisha wakaanza kuchota karibu na Paskalina, kisha wakaja na majembe. Walichelewa, mahindi yakaishia kiunoni, lakini maharage yalitoka. Mpaka leo sijui kama nesi alijua mila yetu au hakujua. Nilimuuliza. Akasema, "Nilikuwa na kiu."

Sasa amezeeka kuliko mimi. Anakaa Nangara kwa mpwa wake, hatoki kitandani, na kumbukumbu inamtoka kama maji kwenye chungu chenye ufa. Paskalina mwenyewe ana wajukuu. Akaniambia, "Mama, twende tukamwone yule nesi kabla hajaondoka. Ndiye aliyenipa Tluway." Nikasema mguu unauma. Wiki nyingine nikasema kuku analalia. Wiki nyingine nikasema mvua, na hakukuwa na wingu. Niliogopa, ndiyo kweli yenyewe. Nilisikia kwamba nesi siku hizi anaropoka, anatoa siri za wodi kama anagawa karanga.

Tulikwenda. Na ni kweli, anaropoka. Hatujakaa vizuri ametaja mzee mmoja wa kanisa na mtoto ambaye si wa mkewe. Mpwa wake akafunga dirisha.

Paskalina akapiga magoti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ni Mama Tluway."

Nesi akamtazama muda. Mimi alikuwa ameniita jina la dada yake, mpwa alikuwa amemwita mganga. Akasema, "Wa mvua."

"Ndiyo, bibi."

"Mama yako alikuwa anampasha moto."

Vile vile. Neno kwa neno. Amesahau jina la rais, amesahau kama amekula, hilo hajaliacha lianguke. Paskalina akachukua mkono wangu. "Najua, bibi," akasema. "Mpaka leo namshukuru."

Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza miaka mingapi, dakika tano zingenishinda? Lakini yule mzee alikuwa amelala pale, mwembamba, amebeba mzigo wangu, na mimi mzima natafuna ulimi.

"Sivyo," nikasema.

Paskalina akageuka. Nikamwambia. Sinia, rafu, kitambaa. Hakuuachia mkono wangu, wala hakuubana. Akauliza kitu kimoja.

"Alikaa kule muda gani, mama?"

"Nilideki wodi. Kutoka dirishani mpaka mlangoni."

Akafikiri urefu wa wodi. Nilimwona anafikiri.

"Na uliniambia amekufa."

"Sivyo. Nilikuambia kimekufa." "Na alikuwa hai, Paskalina. Tluway alikuwa hai."

Kule kitandani nesi alikuwa amefumba macho, nikajua amelala. Hakuwa amelala.

"Ndivyo," akasema.

Tulirudi kwa miguu. Paskalina alitangulia hatua kumi, sikumwita. Mpaka karibu na barabara ya lami, pale kwenye mtaro ambao mimi na mguu wangu hatuuruki. Akauruka. Akaenda kidogo. Akasimama, akarudi, akaninyooshea mkono, anaangalia upande mwingine.